Amali, jumla au VETA: tulinganishe gharama kabla ya Januari

Orodha ya waliochaguliwa kuingia Kidato cha Kwanza ikishatoka mwezi Desemba, maongezi ya Mbeya, Iringa na Njombe huwa ni mamoja: mtoto asome wapi, na itagharimu kiasi gani. Zamani swali lilikuwa bweni au kutwa. Tangu Januari 2024, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, ilipoanza kuingia madarasani, sekondari ina mikondo miwili: elimu ya jumla na elimu ya amali. Anayesoma jumla anafuata masomo tuliyoyazoea. Anayesoma amali anabaki na masomo machache ya lazima, Hisabati na Kiingereza yakiwemo, na muda mwingine wote anajifunza fani: umeme, useremala, uashi, ushonaji, ufundi magari, kilimo, upishi na kadhalika. Akimaliza anatarajiwa kuwa na vyeti viwili mkononi, cha Kidato cha Nne kutoka NECTA, Baraza la Mitihani, na cha ufundi stadi ngazi ya tatu kutoka NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Kwenye vikao vya wazazi wapo wanaosema amali ni mzigo kwa nchi: maabara za sayansi za shule za kata hazijatosha, karakana zitatoka wapi? Wengine wanajibu kwamba kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na kukaa kijiweni bila ujuzi anaigharimu familia kuliko karakana yoyote. Mimi nina upande wangu, naiamini amali. Lakini simshauri mzazi yeyote ampeleke mtoto amali kwa sababu ya jina, wala kwa sababu ameambiwa ni bure. Fani inayofundishwa bila vifaa ni ghali hata usipolipa senti.

Nitalinganisha njia tatu ambazo mzazi wa huku kwetu anaweza kuzifikia: sekondari ya mkondo wa jumla, sekondari ya mkondo wa amali, na ile ya kumaliza Kidato cha Nne cha kawaida ndipo mtoto aende VETA, yaani vyuo vya serikali vya ufundi stadi. Ya nne, ya kumkabidhi mtoto kwa fundi wa mtaani, nitaigusa kidogo.

Ada ilifutwa, gharama ipo

Ada ya sekondari za serikali hadi Kidato cha Nne ilifutwa Januari 2016, na bajeti ya 2022/23 ikaifuta ya Kidato cha Tano na cha Sita. Ada yenyewe ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na 70,000 kwa bweni. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza, Serikali ilijifunga kuifidia shule kiasi hichohicho, na juu yake kukawa na ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Jumlisha: kwa viwango hivyo, mwanafunzi wa kutwa alihesabiwa shilingi 45,000 kwa mwaka mzima.

Viwango hivyo vilipangwa wakati karibu kila shule inafundisha kwa chaki, daftari na kitabu. Somo la Historia ukilifundisha mara mia, ramani ya ukutani ni ileile. Useremala hauko hivyo. Ubao ulioharibiwa na mwanafunzi wa kwanza haumfai wa pili, na hakuna anayejifunza kukata bila kuharibu kwanza. Uchomeleaji unakula vijiti, chuma na umeme kila kipindi. Ushonaji unakula kitambaa, uzi na sindano. Upishi unakula unga, mafuta na gesi. Fedha ya shule ikiishia njiani, moja kati ya mawili hutokea: mzazi anaombwa achangie vifaa, au mtoto anajifunza fani kwa kunakili ubaoni.

Hilo la pili ndilo linaloniuma, kwa sababu halionekani kwenye risiti yoyote. Chukua ushonaji. Tuseme darasa lina wanafunzi 40, karakana ina cherehani nzima 5, na kipindi cha vitendo ni dakika 80. Ukigawa kwa haki, kila mmoja anakaa kwenye cherehani dakika 10. Toa muda wa kupitisha uzi, muda wa kuutegua ukinasa, muda wa kumsubiri mwalimu aliyeko meza nyingine. Anayebaki na dakika 5 za kushona kweli hawi fundi kwa miaka minne, hata mwalimu wake awe hodari namna gani. Cherehani zikiwa 20, hesabu inakuwa dakika 40, na huyo unaweza kumkabidhi kitambaa chako cha sikukuu.

Kwa hiyo ninaposikia mtu anauliza "amali ni shilingi ngapi?", naona ameanza upande usio sahihi. Aulize kwanza cherehani ni ngapi.

Sekondari ya amali: kibao cha getini hakitoshi

Nyanda za Juu Kusini hatuanzi na sifuri. Ifunda, mkoani Iringa, ilikuwa shule ya ufundi tangu miaka ya 1950. Iyunga, Mbeya, inajulikana nchi nzima kama sekondari ya ufundi. Na kwa utaratibu wa uchaguzi tuliouzoea, nafasi za bweni za ufundi huenda kwa watoto waliofaulu vizuri Darasa la Saba. Naitaja hii makusudi, maana bado kuna wazazi wanaosema ufundi ni wa waliofeli, na mtoto akiyasikia hayo nyumbani anaingia karakana akiwa ameshajidharau.

Shule iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya ufundi ina vitu ambavyo haviongezwi kwa wiki mbili: sakafu ya kubeba mashine, umeme wa njia tatu, stoo yenye kufuli na daftari la vifaa, walimu waliosomea fani. Shule iliyokuwa ya kawaida jana na leo imepewa mkondo wa amali inaweza kufika huko, lakini mtoto wako hana miaka kumi ya kuisubiri.

Tumeshawahi kupita hapa. Baada ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari zetu zilipewa michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu katika miaka ya 1970. Wazo lilikuwa zuri. Kwingi mchepuo uliishia kuwa jina tu, kwa sababu kifaa kilichochakaa hakikununuliwa kingine, na mwalimu wa fani aliyestaafu hakupata wa kumrithi. Nani atanunua patasi ya pili, ya kwanza ikishakwisha? Mjadala wa gharama ungejikita kwenye swali hilo tungeelewana mapema. Kujenga karakana ni tukio la mara moja, lina utepe na picha. Kuilisha karakana ni kazi ya kila muhula, na fungu lake lazima liwe linajulikana.

Mzazi unayetaka kuamua, nenda shuleni siku ya kazi, saa za vipindi vya vitendo. Usiishie ofisini. Karakana ya useremala inajieleza yenyewe. Tazama benchi: jiliwa inafunga, au imeng'olewa imebaki matundu ya boliti? Tazama chini: kuna maranda? Maranda mabichi yanayonuka paini ni ushahidi kuliko maelezo ya mtu yeyote. Mashine ya kuranda iliyofunikwa turubai, na turubai lenyewe lina vumbi, haijawashwa muda mrefu, na pengine hiyo njia tatu haijafika. Halafu muulize mwanafunzi, siyo mwalimu, ametengeneza nini muhula huu. Akikuonyesha kigoda kilichopinda mguu, furahi. Amekitengeneza.

Ukitoka hapo uliza nani anafundisha fani na amesomea wapi, na kama shule imesajiliwa NACTVET kwa fani hiyo hasa, kwa kuwa cheti cha pili hakitoki bila hilo. Kisha omba fomu ya kujiunga uisome yote. Humo ndimo yamo ovaroli, viatu vigumu, miwani ya kukinga macho, seti ya vifaa vya mwanafunzi, na wakati mwingine mchango wa malighafi. Piga hesabu ya miaka minne, siyo ya Januari peke yake, maana mtoto wa miaka 14 atabadilisha kiatu kila mwaka. Ongeza na nauli ya kwenda mafunzo kazini kama yapo.

Kuhusu shule binafsi za amali sina mengi. Ada ni kubwa, na kigezo cha kuzipima ni kilekile cha karakana, mwalimu na usajili. Usilipie majengo mazuri.

Jambo moja zaidi la kuweka kwenye mizani. Walioanza Kidato cha Kwanza cha amali Januari 2024 watafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2027. Mpaka hapo waajiri watakuwa hawajawapokea wahitimu wa mkondo huu. Anayekuhakikishia kwamba soko litawagombea, na anayekuhakikishia kwamba hawatapata kazi, wote wanabashiri.

Jumla kwanza, VETA baadaye

VETA ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na watu wa huku wanaijua: kuna chuo cha mkoa Mbeya, kuna cha Iringa, kuna cha Makete. Ada yake inayotangazwa kwa kozi ndefu ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Mzazi akiweka 60,000 upande mmoja na "bure" ya sekondari ya amali upande wa pili, anakimbilia bure. Asubiri kwanza. VETA inapata sehemu ya tozo ya kuendeleza ujuzi, ile ambayo waajiri wanatozwa juu ya mishahara ya wafanyakazi wao. Ndiyo maana inaweza kutoza ada ndogo na bado ikanunua vifaa. Shule ya sekondari chini ya halmashauri haina chanzo kama hicho. Inategemea ruzuku, miradi na huruma ya wadau. Katika ubishi wote niliousikia kuhusu gharama za amali, hili halitajwi, na kwangu ndilo la kwanza. Kama waajiri wanachangia chuo kwa sababu kinawaandalia mafundi, basi sekondari inayowaandalia mafundi haohao nayo inastahili fungu linaloeleweka.

Udhaifu wa njia hii ni muda. Miaka minne ya sekondari, kisha ngazi ya kwanza hadi ya tatu chuoni. Aliyeanza amali, kwa karatasi, ngazi ya tatu anaifikia na cheti cha Kidato cha Nne kwa miaka minne tu. Tofauti hiyo ni chakula, nguo na chumba. Mtoto wa Chunya au Makete asiyepata bweni atapanga chumba mjini, na kodi ya chumba, mkaa na nauli ya bajaji vitaipita ada ya chuo bila shida. Kabla hujasema VETA ni rahisi, uliza nafasi za bweni.

Faida yake nayo ni muda, ukiitazama kwa upande wa mtoto. Anayechagua fani akiingia Kidato cha Kwanza ana miaka 13 au 14. Wengi wa umri huo wanachagua kwa kumfuata rafiki. Aliyemaliza Kidato cha Nne ana miaka 17 au 18, ameshaona fundi umeme anavyoishi na mshonaji anavyoishi, na mikono yake imeshajua inapenda nini. Kubadilisha fani katikati ni hasara ya mwaka mzima, na hasara hiyo hutokea zaidi kwa wanaoanza wadogo.

Pasipo na VETA karibu, vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kama Nzovwe jijini Mbeya, Katumba wilayani Rungwe, na Njombe. Watu wanavisahau. Vinafundisha fani nyingi zilezile na vinapokea hata waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni. Kwa familia ya Tukuyu yenye binti wa namna hiyo, Katumba ni jibu la kweli.

Mkondo wa jumla bila kuona haya

Mtoto anayependa vitabu asilazimishwe karakana kwa sababu ya upepo wa sera. Kwa mfuko wa nyumbani, shule ya kata ya kutwa ndiyo nafuu kuliko zote: sare, madaftari, mchango wa chakula cha mchana, na tuisheni kwa wanaoiweza. Milango yake ni mingi. Kidato cha Tano sasa kina tahasusi, yaani michanganyo ya masomo, 65, baada ya mpya 49 kutangazwa mwaka 2024. Mwenye ufaulu wa D nne, zisizo za masomo ya dini, ana mahali pa kuanzia kwenye vyuo vingi vya kati. Mwenye kupenda kilimo ana vyuo vya kilimo vya Uyole na Igurusi hapahapa Mbeya. Na anayetaka uhandisi anaweza kufika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST, kwa kupitia Kidato cha Sita au kwa kupitia stashahada.

Hatari yake mnaijua. Mtoto akipata sifuri, miaka minne imekwenda na mkononi hana kitu. Kwa mtoto ambaye tangu darasa la tano anasuasua kwenye kusoma lakini ukimpa redio mbovu anaifungua na kuifunga ikalia, njia hii peke yake ni kamari.

Fundi wa mtaani

Gereji za Mwanjelwa, maseremala wa Mafinga na washonaji wa Mlandege wamefundisha vijana wengi kuliko chuo chochote. Gharama ni ndogo, wakati mwingine chakula cha mchana tu. Kinachokosekana ni cheti, na VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha ujuzi wake. Ni njia nzuri kwa kijana aliyeshamaliza shule. Kwa mtoto wa miaka 13 siikubali. Elimu ya lazima kwa sera mpya ni miaka kumi, na haki hiyo ni yake.

Fani gani, wilaya gani

Hapa wazazi hukosea hata baada ya kuchagua shule nzuri. Mufindi kuna msitu wa Sao Hill na viwanda vya mbao vinaizunguka Mafinga, kwa hiyo kijana anayejua kuendesha na kunoa mashine za mbao ana kazi karibu na nyumbani. Barabara ya Tunduma haina siku isiyo na malori ya Zambia na Kongo, na ufundi magari wa malori, umeme wake na matairi yake, unalipa kuanzia Makambako hadi mpakani. Mbarali ni mpunga: pampu, matrekta, mashine za kukoboa. Njombe na Rungwe ni parachichi, chai na viazi, na kilimo cha amali kikifundishwa vizuri pale, kuanzia kitalu, kubebesha miche hadi kufungasha, kitamlisha mtu. Ushonaji na umeme wa majumbani vina soko kila mahali, na kila mahali vina washindani.

Ukiniuliza mimi, mpangilio wangu ni huu. Kama mtoto amepangiwa au anaweza kuhamia sekondari ya amali yenye karakana inayofanya kazi na mwalimu wa fani, na mwenyewe anaitaka fani hiyo, mpeleke, hata ikibidi uuze debe za mahindi kwa ajili ya ovaroli na viatu. Kama karakana ni ahadi, mwache shule ya kata, mkazanie Hisabati na Kiingereza, na uanze kuweka akiba ya VETA tangu Kidato cha Kwanza. 10,000 kwa mwezi kwa miaka minne ni 480,000, na hiyo inalipa ada ya bweni kwa miaka minne. Kama anapenda vitabu, usimguse.

Mwenye mtoto wa madarasa ya chini aangalie pia kalenda. Walioingia Darasa la Tatu mwaka 2024 wanamaliza elimu ya msingi Darasa la Sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao Darasa la Saba la mwisho linamaliza. Makundi mawili yataingia Kidato cha Kwanza pamoja Januari 2028. Ile hesabu ya cherehani itakuwa ngumu zaidi mwaka huo, na halmashauri zinazopanga bajeti sasa zinalijua hilo. Diwani wako muulize mapema karakana za kata yenu zimetengewa nini.

Kuna gharama moja ambayo fomu ya kujiunga haiitaji: vifaa vya kuanzia kazi. Mshonaji anaanza na cherehani moja. Fundi umeme wa majumbani anaanza na mkoba. Mchomeleaji anahitaji mashine, meza na umeme unaotosha. Fundi magari asiye na gereji ya mtu wa kumpokea anahitaji mtaji ambao familia nyingi hazina. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwa ya vijana, lakini ni lazima awe ametimiza miaka 18 na awe kwenye kikundi. Mhitimu wa amali atakayemaliza na miaka 17 atakaa mwaka mmoja bila kuigusa. Mwaka huo mtafutie fundi wa kumshika mkono, na mkubaliane naye kabla mtihani wa mwisho haujafika.